Majeraha ya Akili katika kantina ya Coronet: uchambuzi wa kisa kati ya mnenguaji na wapiganaji wawili

Katika Star Wars Galaxies, mchezo wa mtandaoni wa wachezaji wengi, kabla mfumo wa mapigano haujabadilishwa Aprili 2005, mpiganaji hakuweza kujitosheleza. Mchezo ulifunguliwa Juni 2003 ukiwa umepangwa makusudi ili wachezaji wahitajiane. Aliyekwenda kuwinda alirudi mjini kwa daktari, kwa fundi wa silaha na kwa mnenguaji wa kantina, kwa sababu kila mhusika alikuwa na pointi 250 tu za ujuzi na hazikutosha kujifunza kila kitu. Ndiyo maana kantina zilijaa watu. Ndiyo maana pia zilijaa ugomvi, kwa kuwa watu waliokutana humo walifuata mambo mawili tofauti: wengine tiba, wengine uigizaji, yaani kuandika maneno na vitendo vya wahusika wao kama hadithi.

Kisa hiki si kumbukumbu ya wachezaji fulani. Kimeundwa kutokana na hali iliyojirudia mara nyingi kwenye seva kama Starsider, ambayo waigizaji waliifanya makao yao bila kupewa cheo hicho rasmi. Bado kina maana leo, kwa sababu watu wa kujitolea wameunda upya toleo lile la zamani na kantina zake zinafanya kazi kwa kanuni zilezile.

Kwanza mitambo yenyewe, yaani kanuni za mfumo wa mchezo, maana bila kuielewa huwezi kujua nani alikosea. Kila mhusika ana akiba tatu: Afya, Utendaji na Akili. Yoyote ikifika sifuri, anaanguka. Pigo la kawaida hupunguza akiba, kisha akiba hujijaza baada ya muda mfupi. Jeraha ni jambo jingine: linashusha kiwango cha juu cha akiba yenyewe, kwa hiyo hata ukipumzika hujai kama mwanzo. Majeraha ya Afya na Utendaji ni kazi ya tabibu na daktari. Majeraha ya Akili, pamoja na uchovu wa vita, ni kazi ya wasanii. Mnenguaji anacheza kantinani au kambini, majeruhi anaandika /watch na kumlenga (kwa mpiga ala ni /listen), kisha anasubiri. Tiba inakwenda kidogo kidogo, kwa dakika kadhaa, na inawafikia wote wanaotazama kwa pamoja. Uchovu wa vita ukiwa mkubwa, dawa za daktari nazo hupungua nguvu, kwa hiyo mpiganaji mwenye uchovu mwingi hupita kantinani kabla ya kwenda kwa daktari.

Kisa kilivyokwenda

Jukwaani, katika kantina ya mji wa Coronet, yuko mnenguaji bingwa pamoja na mpiga ala mmoja. Karibu na kaunta wachezaji watatu wanaigiza: msafirishaji wa magendo, mdai wake, na mlinzi wa mdai. Wapiganaji wawili wanaingia kutoka sayari ya Dathomir, mmoja wa bunduki, mwingine wa mkuki. Wa bunduki haigizi. Wa mkuki ni mwigizaji. Wenzao wawili wanawasubiri bandarini ili warudi pamoja.

Wa bunduki anaandika kwa sauti ya wazi, kila mtu akisoma: "niponyeni, Akili imekatika 300, uchovu 400, haraka". Anaweka /watch na kunyamaza. Mnenguaji anamjibu ndani ya uhusika: "Mgeni anapiga kelele kama mwenye nyumba. Keti kwanza, unywe." Hakuna jibu. Anamrudia mara mbili zaidi, kila mara kwa ukali zaidi.

Wa mkuki anaketi na kuandika kwamba mhusika wake anaweka silaha ukutani na kutazama jukwaa bila kupepesa. Mnenguaji anaandika: "anainama mbele ya askari, naye askari anahisi hofu yote ya Dathomir ikimtoka, machozi yanamdondoka." Wa mkuki hajibu kwa muda. Halafu anaandika: "anaona askari wa Dola mlangoni, anaruka jukwaani, anamshika mnenguaji mkono na kumvuta hadi nyuma ya kaunta." Mlangoni hakuna askari yeyote wa Dola, utawala wa kiimla wa hadithi ya Star Wars.

Wakati huohuo wa bunduki anatuma krediti 5,000 (fedha za mchezo) na ujumbe wa faragha: "nimelipa, fanya kazi yako". Mnenguaji anatumia /denyservice, amri ya kumnyima mtu huduma, dhidi ya wote wawili, kisha anatangaza hadharani kwamba wahuni hawahudumiwi hapa. Tiba inakatika. Wa bunduki bado ana majeraha ya Akili 120. Wanatoka wakitukana, wale watatu wa kaunta wanaacha tukio lao katikati, na jioni yote inayobaki inaishia kwenye mabishano ya faragha.

Lilipoharibikia

Watu wengi wakisoma kisa hiki wataanza na lile la kumvuta mnenguaji, kwa kuwa ndilo linaloonekana. Sisi tunaona kosa lilianza mapema zaidi, pale mnenguaji alipomrudia mpiganaji wa bunduki mara ya pili na ya tatu. Tiba ya majeraha ni sehemu ya mchezo, na kila mchezaji anaihitaji ili aendelee. Uigizaji ni hiari. Ukifanya kimoja kiwe rehani ya kingine, umemlazimisha mtu ambaye hana pengine pa kwenda, kwani hawezi kujiponya Akili mwenyewe. Mpiganaji asiyetaka kuigiza ana haki ya kuketi kimya, kutazama, kupona na kuondoka. Kumpokea kwa sentensi moja ya uhusika ni ukarimu, kwa sababu huenda akavutiwa akajiunga. Asipojibu, amekwisha kujibu.

Kumhudumia mtu aliyekaa kimya hakumgharimu mnenguaji kitu cha ziada. Kucheza kunakula Utendaji wake, hasa anapoongeza madoido kwa /flourish, lakini gharama hiyo ni ileile watazamaji wawe wawili au kumi. Anachopoteza ni umakini wake, na huo anaupoteza kwa sababu ameamua kumfukuzia mtu mmoja asiyetaka mazungumzo huku mwigizaji mwenzake ameketi mbele yake.

Mpiganaji wa bunduki naye alikosea, ila kosa lake ni dogo na linarekebishika kwa urahisi. Alitangaza namba katikati ya tukio la watu. Mnenguaji hahitaji namba hizo hata kidogo, kwa kuwa tiba haianzi kwa kuombwa, inaanza kwa /watch. Angeweka /watch bila neno lolote angepona vilevile. Kama alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa ya haki maana wenzake wanasubiri chombo, angetumia mabano mawili ambayo waigizaji hutambua kuwa ni maneno ya mchezaji, si ya mhusika: "((Samahani kwa kuingilia, nina dakika tano hivi, natazama tu.))" Mstari huo unasema mambo matatu: ameona kuna tukio, muda wake ni mfupi, na hatarajii kuongeleshwa. Akipenda faragha zaidi, amwandikie mnenguaji peke yake. Lakini ajue kwamba mnenguaji anayeigiza huku akipanga madoido na kuzungumza na watu wanne hujibu kwa kuchelewa. Kimya cha sekunde arobaini si dharau.

Nani anamiliki kilichomo kichwani

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo wasanii hukosea zaidi bila kujua. Kila mwigizaji anafahamu kwamba mpiganaji hapaswi kuandika "anampiga risasi, anakufa". Matokeo ni ya anayetendewa. Lakini mnenguaji akiandika "askari anahisi hofu ikimtoka, machozi yanamdondoka", amefanya jambo lilelile kwa upole. Ameamua anachohisi mhusika wa mwenzake, na amemliza mbele za watu.

Kosa hili linatokana na mitambo yenyewe. Mchezo unasema kwamba jeraha la Akili limepungua kutoka 300 hadi 240, mnenguaji anaiona kazi yake ikizaa matunda, na anachukulia kwamba ameruhusiwa kusimulia kupona huko. Hajaruhusiwa. Namba ni za mfumo, na maana ya namba ni ya mwenye mhusika. Huenda mhusika wa mkuki ni mtu aliyekauka asiyelia kamwe, na kupona kwake ni kuacha kugonga kidole mezani. Huenda mchezaji wake ameamua kwamba mhusika atabaki na jinamizi la Dathomir kwa wiki nzima, ingawa akiba yake ya Akili imejaa. Vyote viwili ni halali.

Njia sahihi ni kusimulia mwili wako na kuuacha moyo wa mwenzako. Tulinganishe:

"Anainama mbele ya askari, naye anahisi hofu ikimtoka" imemfunga mlango.

"Anashusha kasi, anacheza karibu na meza ya askari, macho yake yakiuliza kama ngoma hii inamfikia" imemwachia mlango wazi.

Sentensi ya pili inampa mpiganaji kazi ya kufanya. Anaweza kulegea, kugeuza uso, kusinzia au kukasirika. Ndipo tukio linapoanza. Mpiganaji naye asaidie kwa kuonyesha dalili badala ya tarakimu: mkono unaotetemeka akishika glasi, kichwa kinachogeuka kila mlango ukifunguka, sauti anayodhani ni ya risasi. Dalili mbili zinatosha. Akimwaga hadithi nzima ya vita kwa mistari kumi na tano, mnenguaji hana pa kuingilia.

Hasira ya wa mkuki ilianzia hapo. Mhusika wake alilizwa bila ridhaa, hakusema kitu, na akalipiza kwa njia ambayo waigizaji hulipiza mara nyingi: ndani ya uhusika. Alichopaswa kufanya ni mstari mmoja wa faragha, palepale: "((Mhusika wangu halii, naomba tuseme amekaza tu uso. Tuendelee.))" Mwigizaji mzuri akiandikiwa hivyo hurekebisha mara moja, wala hakuna anayejua kuwa palikuwa na tatizo. Akichelewa dakika kumi, ujumbe uleule unasomeka kama lawama.

Mkono uliovuta

Kitendo cha wa mkuki kilikuwa na makosa matatu yaliyobebana. Alimsogeza mhusika wa mwenzake bila ridhaa. Alileta askari wa Dola ambao hakuna mwingine anayewaona, akiwalazimisha watu wote wa kantina wakubali tishio lake au waonekane vipofu. Na alimtoa msanii jukwaani.

Hilo la tatu wapiganaji wengi hawalifikirii. Mnenguaji akiacha kucheza kweli ili afuate tukio, tiba inakatika kwa kila anayemtazama, pamoja na watu waliokaa kimya pembeni wakisubiri kupona. Nyongeza ya Akili, yaani kuinuliwa kwa muda kiwango cha Akili anakopata mtazamaji, nayo inaathirika, kwa kuwa muda wake hukua kadiri mtu anavyotazama. Anayekatizwa mapema anaondoka na nyongeza fupi. Kwa hiyo tukio lolote linalomtaka msanii ashuke liombwe kwanza, na lipangwe wakati wa mapumziko yake. Swali ni fupi: "((Ukimaliza seti hii, ungependa tukio dogo la hatari? Kama hapana, sawa.))" Akikubali, mwanya bado unaachwa kwenye kitendo chenyewe: "ananyoosha mkono kuelekea kwa mnenguaji, kama anayetaka kumwondoa jukwaani." Kunyoosha kunaweza kupokewa, kukwepwa au kupigwa kofi. Kuvuta kumekwisha kutendeka.

Tuseme wazi pia kuhusu kugusa. Wahusika wanenguaji waliandikiwa vitendo vya kushikwa, kukumbatiwa na kuketishwa mapajani mara nyingi kuliko wahusika wa kazi nyingine yoyote, eti kwa sababu ndiyo kazi yao. Si kazi yao. Kazi yao kwa mujibu wa mchezo ni kuponya Akili na uchovu wa vita, na mavazi ya jukwaani hayabadilishi hilo. Mguso wowote wa aina hiyo unahitaji ridhaa ya mchezaji, nje ya uhusika, kabla haujaandikwa.

Krediti 5,000

Kutunza wasanii, yaani kuwapa fedha za shukrani, ilikuwa desturi njema ya kantina, na kwa msanii ilikuwa riziki, kwa kuwa hana nyara za kuuza. Lakini tunzo ni shukrani kwa huduma iliyokwisha kutolewa. Hainunui kasi, maana kasi ya tiba inategemea ujuzi na ngoma, wala msanii hawezi kuiongeza kwa sababu amelipwa. Hainunui mazungumzo, wala haki ya kuamuru. Ujumbe "nimelipa, fanya kazi yako" uliigeuza zawadi kuwa ujira wa kibarua, na ulifika kwa mtu ambaye tayari alikuwa akifanya kazi hiyo.

Wakati mzuri wa kutunza ni mwishoni, baada ya kuacha kutazama, kabla ya kutoka mlangoni. Ukiwa karibu, /tip na kiasi inatoa fedha mkononi. Ukiwa umeshaondoka, inawezekana kupitia benki, ila mtoaji anakatwa asilimia 5 ya ziada. Wakiwa wasanii wawili jukwaani, mtunze kila mmoja, au uliza kama wanagawana. Mpiga ala husahaulika daima, na katika kisa hiki alisahaulika na pande zote mbili. Mwigizaji akitaka kutoa tunzo ndani ya uhusika, aandike kitendo kwanza kisha atume fedha. Ujumbe wa mfumo ukitangulia, mnenguaji hujikuta ameshashukuru nje ya uhusika kabla sarafu haijagusa jukwaa.

Na msanii asidai. Anaweza kuweka bakuli la maneno kwenye maelezo ya mhusika wake, anaweza kutania jukwaani, lakini kumtaja kwa jina mtu aliyeondoka bila kutoa kitu ni kumwaibisha mgeni ambaye huenda ana krediti mia mbili za nauli tu.

Kunyima huduma

Amri ya /denyservice ipo kwa sababu nzuri: bila hiyo, msanii angelazimika kumponya hata anayemtukana. Tatizo la kisa hiki ni namna ilivyotumika. Makosa mawili tofauti yalipewa adhabu moja, kwa wakati mmoja, tena kwa tangazo. Aliyevuta mkono alistahili onyo la faragha, na akirudia, kunyimwa. Aliyetuma ujumbe wa jeuri alistahili jibu la faragha: "((Tiba inaendelea, haiendi haraka zaidi ya hapa. Tafadhali usiniandikie hivyo.))" Kisha aachwe amalize majeraha yake 120, kwani kumaliza ndiyo njia ya haraka zaidi ya kumwondoa kantinani.

Tangazo la hadharani ndilo lililoua tukio la kaunta. Wale watatu hawakuwa na neno na yeyote. Walisoma neno "wahuni" lililosemwa na mnenguaji, na hawakujua kama ni mhusika anayesema au mchezaji. Ugomvi wa wachezaji ukivaa sauti ya wahusika, kila aliyepo analazimika kuchagua upande ndani ya hadithi kwa jambo ambalo si la hadithi. Anayenyimwa huduma aambiwe kwa faragha, kwa sababu moja iliyo wazi, na aelekezwe kwa msanii mwingine kama yupo.

Kisa cha jirani kinachofanana ni cha daktari. Katika miaka ile, kumponya mtu aliye katika hali ya uadui na upande mwingine wa vita kuliweza kumfanya mponyaji naye awe shabaha halali ya kushambuliwa. Hapo wajibu wa kusema unahamia kwa mpiganaji kabisa. Kabla ya kuomba tiba anatakiwa kuandika "((Niko kwenye hali ya vita, ukiniponya nawe utaingia))", hata kama mhusika wake anamficha daktari utambulisho wake. Siri ya mhusika ni ya hadithi. Hatari ya kuuawa mhusika wa mwenzako bila yeye kujua si ya hadithi.

Kurekebisha baada ya ugomvi

Waliobishana jioni nzima walibishana juu ya nani alianza, na mabishano hayo hayana mwisho. Utaratibu unaofaa ni mfupi. Ngojeni hadi kila mtu atoke kantinani. Mmoja amwandikie mwenzake jambo moja tu alilolitenda yeye mwenyewe, bila "lakini": mnenguaji ataje kumliza mhusika na kutangaza hadharani, wa mkuki ataje kumvuta na kuleta askari wasiokuwapo. Kisha waamue kuhusu tukio lenyewe. Linaweza kufutwa, yaani wahusika wote wachukuliwe kwamba halikutokea, au libaki lakini litafsiriwe upya: askari wa Dola walikuwa maono ya mtu mwenye uchovu wa vita. Chaguo la pili lina faida kwa wa mkuki kwa sababu linaupa uchovu wake maana. Lakini haki ya kulikataa ni ya mnenguaji, kwa kuwa mkono uliovutwa ni wa mhusika wake. Akisema lifutwe, linafutwa. Wale watatu wa kaunta waarifiwe uamuzi kwa mstari mmoja, ili wajue wanaendeleza deni la magendo kutoka wapi.

Wa bunduki hahitaji kuingizwa katika mazungumzo hayo, kwani hakuwa na tukio. Ilibaki fedha yake. Kwa vile tiba ilikatizwa kabla ya kukamilika, ushauri wetu ni mnenguaji amrudishie krediti zote 5,000 na kuubeba mwenyewe ule ukato wa benki, pamoja na ujumbe kwamba akirudi atahudumiwa kama mtu yeyote. Akitaka kutoa tena atakapopona, ampe na mpiga ala.